Kuku Walionukuu Mwanga

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua heshima unayo, ila mikono yote miwili imeshika mitambo. Sisi huku wazima, tena wazima wa kuringia. Bibi yako goti limetulia. Sasa anachougua ni kulisimulia. Mama yako kachaguliwa mwenyekiti wa kikundi chao, na tangu hapo hata chumvi anaomba kwa hotuba. Wanangu pacha wako darasa la saba. Mmoja anafaulu, mwingine anafanana naye.

Duka linakwenda. Mwezi uliopita benki waliniita nikate kioo cha mlango wao, kioo kikubwa hivi kwamba upande huu kulikuwa na jua na upande ule mvua. Mafundi wanne walikuwa wameshakisalimu amri. Nikakikata kwa mkupuo mmoja, sijavuta pumzi. Meneja akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia: nilifika darasa la sita nikaona yanatosha.

Sasa nije kwenye kilichoniketisha. Ningesubiri upige simu, lakini simu yako mama yako huipokea kabla haijaita, na mimi nikifikiwa maneno yamekwisha. Ameleta ukurasa wa gazeti la chuo chenu, kautafsiri kwa simu na kuuchapisha hapo kwa Kidole, mchapaji tuliyegawana naye ukuta. Unamkumbuka? Anachapa kwa kidole kimoja na anawaacha mbali wenye kumi. Basi picha yako ipo, koti jeupe, miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Nikajivuna. Nikasoma. Mwandishi anakuuliza nani alikuwashia taa ya kwanza katika elimu ya mwanga. Na wewe unajibu: "Baba yangu mdogo, mwalimu wa fizikia."

Nikasoma tena, labda macho. Nikageuza ukurasa, labda mimi niko nyuma. Nyuma kulikuwa na ratiba ya mabasi.

Sina ugomvi na Mwalimu. Ni ndugu wa baba yako, tunaheshimiana. Ila tangu ukurasa ule ufike, anatembea kama mtu aliyetwishwa yai kichwani. Juzi alikuja kununua kioo cha dirisha la jiko, kazi ya kufumba na kufumbua. Akakaa mpaka adhuhuri. Kila mteja akiingia, anakohoa: "Mmeliona gazeti?"

Mimi nauliza tu. Likizo zote hizo unashinda dukani kwangu unachezea vipande vya vioo, Mwalimu alikuwa wapi? Siku ulipoweka tochi kwenye ukingo wa kile kioo cha mita mbili, mwanga ukapenya ndani kwa ndani ukatokea ukingo wa pili wa kijani kibichi, ukavuka barabara ukatoboa kofia ya fundi cherehani, kioo kile kilikuwa mikononi mwa nani?

Halafu gazeti linasema kazi yako "imenukuliwa mara thelathini na moja." Mwalimu anasema ni chache. Ni chache?

Mimi mjomba wako, ambaye hakuwasha taa yoyote.

*

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai nyuma, nikafurahi kabla ya kuifungua. Nimefurahi na goti la Bibi. Mwambie Mama nimempigia kura kutoka huku.

Mimi mzima. Maabara yetu iko chini ya ardhi na haina dirisha hata moja. Wewe kama fundi ungeingia ukalia. Tuna meza nzito inayoelea juu ya hewa ili lori likipita barabarani mwanga wetu usitetemeke. Kutwa nzima nakaa gizani natafuta mwanga ulikopotelea.

Uliuliza juu ya kunukuliwa. Ukiandika makala, kama umeegemea kazi ya mtu unamtaja mwishoni: nani, aliandika nini, lini. Hapo umemnukuu. Kompyuta zinakusanya na kuhesabu, na kila mtu anaona namba ya kila mtu. Mwalimu amesema kweli. Kwa miaka yangu mitano, thelathini na moja ni chache. Na saba kati ya hizo nimejinukuu mwenyewe.

Nikwambie kitu ambacho Mama sijamwambia. Kuna mwenzangu wa meza ya jirani. Tulianza kazi siku moja. Makala zetu zilitoka mwezi mmoja: yangu juu ya kupitisha mwanga kwenye kona kali, ndani ya njia ya kioo nyembamba kuliko unywele, bila mwanga kuvuja, yake juu ya taa ndogo isiyoonekana kwa macho. Yake imenukuliwa mara mia nne na kitu. Nasema "na kitu" kwa makusudi. Namba kamili naijua. Naitazama kila asubuhi kabla ya kutazama yangu.

Ikipanda, anapiga mluzi. Wimbo uleule, mwanzo tu, haumalizi. Si mtu mbaya. Hunisaidia kubeba mitungi ya gesi. Laiti angekuwa mtu mbaya.

Nafasi ya kudumu ni moja na sisi ni wawili. Kamati inakaa mwezi wa kumi. Watatazama makala, watatazama namba. Nisipopata, mkataba wangu unaishia hapo na narudi nyumbani na koti langu.

Kuhusu gazeti: waliniuliza haraka, nikajibu haraka.

Msalimie Mama Pacha na hao wanaofanana.

Mpwa wako.

*

Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara mia nne na kitu.

Huku salama. Bibi kaanza kusimulia goti kwa watu wa simu, wale wanaopiga kumuuliza kama ameridhika na mtandao, wamekata wenyewe. Mama Pacha anakusalimu, anauliza kama huko chini ya ardhi mnakula.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Mpiga Mluzi huyo! Mia nne kwa taa isiyoonekana? Hata mimi ninayo hapa taa isiyoonekana, iliungua mwezi uliopita. Wewe unaupitisha mwanga kwenye kona, jambo ambalo waendesha lori wenyewe linawashinda, unapewa thelathini na moja, na saba umejipa. Usione aibu hizo saba. Mimi kazi zangu nazisifu mwenyewe tangu nianze, na wateja hawajaacha kuja.

Jana nilimweleza Kidole habari hii ya kunukuu. Akacheka mpaka akachapa kwa vidole viwili. Kumbe anaijua! Wanafunzi wote wa chuo cha hapa wanamletea tasnifu zao azichape, azipange, azifunge jalada. Anasema orodha ile ya mwishoni, ya waliotajwa, huwa wanamletea matopetope: karatasi, picha za simu, majina bila mwaka. Yeye ndiye anayeisafisha. Wao hawaisomi. Walimu wao wanaipima kwa unene. Kisha chuo kinazitia zote mtandaoni, na kompyuta yako hiyo ya kuhesabu inapita kuzisoma.

Nikanyamaza. Unajua mimi nikinyamaza.

Nataka uniandikie jina kamili la makala yako, herufi kwa herufi, na jarida, na mwaka. Usiulize.

Na kuhusu hilo jibu la haraka. Mimi ukiniamsha usingizini ukaniuliza mpwa wangu nani, sitakosea. Kioo kile cha mita tatu ningeweza kukikumbuka hata nikiwa na homa.

Mjomba wako anayenyamaza.

*

Tarehe 21 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimekuandikia jina la makala kwenye karatasi ya peke yake, kwa herufi kubwa. Nadhani unataka kuliweka kwenye fremu dukani. Usiliweke karibu na mlango, jua litaifanya karatasi iwe ya manjano.

Mwenzangu amealikwa kuhutubia mkutano mkubwa. Leza yake ilikuwa imepinda; nikamsaidia kuinyoosha kutwa nzima ili picha zake ziwe safi. Akanishukuru mbele ya watu, kwa jina. Nikaitikia kwa tabasamu ambalo liliniuma mashavu mpaka nafika nyumbani.

Mwambie Mama Pacha tunakula. Huwa nakula nimesimama.

Mpwa wako.

*

Tarehe 10 Juni

Mpwa wangu mbeba mwanga,

Marahaba. Wazima sote. Yule pacha asiyefaulu amefaulu, na sasa yule mwingine ndiye anayefanana naye. Nyumba nzima imechanganyikiwa. Mama yako kafungua kikao cha familia kwa dua na kukifunga kwa azimio.

Duka mahututi kwa kazi. Nimeweka kioo kipya kwenye kaunta ya Kidole, kinene, laini kama uso wa waziri. Hakuniomba, nimempa tu. Watu wakisaidiana ndivyo inavyokuwa.

Msimu wa tasnifu umeanza. Foleni ya wanafunzi kwa Kidole imefika mlangoni kwangu, nimewawekea benchi. Nawauliza wanasomea nini. Mmoja ufugaji wa kuku wa mayai, mwingine migogoro ya wanandoa, mwingine uhasibu wa vyama vya akiba. Watoto wazuri, wana adabu. Nakwambia hivi na sitarudia: anayekuja na kuku wake hatoki pale bila wewe.

Namba yako ikoje siku hizi?

Mwalimu kaugandisha ule ukurasa wa gazeti kwa plastiki. Sasa anaweza kuuonyesha hata mvua ikinyesha.

Mjomba wako.

*

Tarehe 14 Julai

Shikamoo sana Mjomba wangu,

Barua yako imenipa raha. Mpongeze pacha aliyefaulu, na mpe pole anayefanana naye. Nimemwandikia Bibi kadi, msomee polepole, sehemu ya goti nimeiweka mwanzo. Nimewakumbuka wote kuliko siku zote.

Umeuliza namba. Imepanda! Nilikuwa thelathini na moja, nikawa thelathini na sita, wiki iliyofuata arobaini na tatu. Leo nimefika hamsini na mbili. Bado mwenzangu yuko mbali juu, lakini kamati hutazama pia mwendo, nani anapanda kwa kasi, na kwa miezi hii miwili mimi nimempita.

Mjomba, mluzi umekoma. Jana alisimama nyuma ya kiti changu, kikombe mkononi, akaitazama skrini yangu. Akasema, "Hongera. Wanatoka wapi hawa wote?" Nikamwambia kazi nzuri huchukua muda kueleweka. Sauti yangu ilitoka tulivu kabisa. Akarudi mezani kwake na chai yake ikapoa bila kunywewa, niliitazama ikipoa.

Nimelala vizuri wiki nzima.

Mpwa wako anayekupenda.

*

Tarehe 6 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba! Barua hiyo nimeisoma kwa sauti dukani, isipokuwa pale pa chai, pale nimepasoma peke yangu mara kadhaa. Bibi anaishika kadi yako usiku na mchana. Mama yako anasema hamsini na mbili ni ishara. Hajasema ya nini.

Nikuchekeshe. Yule binti wa kuku alikwenda kutetea tasnifu yake mbele ya walimu watatu. Wawili walikuwa wanatazama simu. Wa tatu, mzee mmoja mwenye wivu na maisha ya watu, akafika ukurasa wa mwisho. "Binti, huyu wa mwanga kwenye kona ya kioo anahusianaje na kuku?" Binti hajawahi kulisikia jina hilo tangu azaliwe. Akameza mate. Akasema, "Mwalimu, kuku wasipopata mwanga hawatagi." Kafaulu! Kaja kunishukuru, ila hajui ananishukuru kwa nini.

Mwalimu wetu nimemwambia namba yako. Akauliza, "Imepandaje?" Nikamjibu, wapo watu wanaowasha taa na wapo wanaotajwa kwenye magazeti. Akaondoka bila kuaga.

Mjomba wako, mia kwa mia.

*

Tarehe 3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wote wazima.

Kuku wako wamefika hapa.

Mwenzangu alikaa siku moja akafungua kila kazi inayoninukuu. Moja baada ya moja. Akazichapisha akazipeleka kwa mkuu wa idara, na mkuu akaniita, nikazikuta zimepangwa mezani kwake. Ufugaji wa kuku. Migogoro ya wanandoa. Vyama vya akiba. Usafi wa machinjio. Tasnifu ishirini na moja, zote za chuo kimoja, chuo cha mji wetu, na makala yangu kwenye kila moja, nukta kwa nukta, hata kosa nililofanya kwenye karatasi niliyokuandikia, nilipogeuza namba za kurasa, limo katika zote ishirini na moja.

Hawajaniita mwizi. Wananiita "mhusika." Wanasema mtu anayejitengenezea manukuu hastahili hata nafasi ya muda. Kamati itakaa kuamua kama nilipanga. Mwenzangu ananipita kwenye korido na ananisalimu vizuri sana.

Ulifikiri nini, Mjomba? Kwamba hakuna atakayefungua?

Nakuomba kitu kimoja. Iandikie kamati barua. Sema ulichofanya, ulivyofanya, na mangapi. Usiongeze hata tone. Maisha yangu ya hapa yanategemea uandike mambo kama yalivyokuwa, kwa mara moja tu.

Mpwa wako.

*

Tarehe 20 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti la Bibi limerudi, safari hii ni goti lenyewe si simulizi. Wengine wazima. Mama yako hajaambiwa. Tukimwambia ataitisha kikao.

Hasira yako nimeipokea, nimeiweka kaunta, nimeizunguka pande zote. Ni halali. Kidole naye kakikunja kidole chake. Tumeshaacha, na anapita kwa wanafunzi kuwaomba wakafute.

Ila na mimi ninalo dogo. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba anayekuja na kuku wake hatoki bila wewe. Mtu mwingine angeniuliza: kuku gani, Mjomba? Wewe ukanijibu kwamba mluzi umekoma. Umesoma vyuo vitatu, unajua mwanga unavujia wapi kwenye kitu kidogo kuliko unywele, halafu namba yako inapanda miezi miwili na hufungui hata moja kuona nani kakutaja? Mpiga Mluzi alizifungua siku moja tu. Mpwa wangu, uliwaona kuku. Uliwaona ukalala vizuri wiki nzima.

Sikulaumu. Nakutambua. Mama yako husema una pua ya baba yako, lakini hiki ulichonacho ni cha upande wetu. Wewe una mluzi, mimi nina gazeti la plastiki.

Barua ya kamati hii hapa chini. Nimejizuia sana.

Waheshimiwa Wanakamati,

Salamu. Mimi ni fundi vioo mashuhuri na mjomba wa mtafiti wenu, upande wa mama, ambao ndio upande wa hakika. Aliyemwingiza kwenye tasnifu za chuo chetu ni mimi. Yeye hakuniomba. Angeniomba, ningefanya kwa mpangilio zaidi. Nilimshawishi mchapaji, ambaye asilaumiwe, kwa sababu maneno yangu matamu hata benki wanayajua. Mnasema tasnifu ni ishirini na moja. Hesabu hiyo ni ndogo na inanivunjia heshima. Ni mia mbili, na mngenipa mpaka mwakani ningefika elfu. Nilisikia kwamba huko kazi ya mtu hupimwa kwa midomo ya wengine, nikaona niongeze midomo. Kama ni kosa, ni langu lote. Mwisho, iandikwe kwamba mwanga huo mnaomlipa kuutafuta aliuona mara ya kwanza dukani kwangu, kwenye kioo cha mita nne nilichokishika kwa mkono mmoja. Mwanga ulitoboa kofia ya fundi cherehani. Kofia ipo na inaweza kuletwa. Na yule anayepiga mluzi naye achunguzwe.

Wenu, Fundi.

*

Tarehe 28 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa kwa sababu walichelewa. Pole kwa Bibi. Mwambie narudi kumwona mwezi wa nne, likizo.

Barua yako nilipoisoma nilitaka kuichana. Mia mbili! Nikaanza kuandika yangu ya kukukanusha. Kisha nikaitafsiri kama ilivyo, neno kwa neno, hata ule upande wa hakika, nikaipeleka. Pamoja nayo nikapeleka yangu fupi: kwamba niliziona tasnifu zile tangu Julai, nikajua zilikotoka, nikanyamaza kwa sababu nilitaka mtu fulani aumie. Wewe ulishaniona. Sikutaka wao wabaki hawajui.

Mwenyekiti aliisoma yako kwa sauti. Kuna profesa mmoja huko ambaye hajawahi kuonekana akicheka. Alivua miwani akajifuta. Kisha wakatuma watu wakahesabu upya, wakakuta ishirini na moja ileile. Nakuwekea ukurasa wa uamuzi wao, nimekutafsiria pembeni. Soma aya ya tatu: "Mjomba wa mtafiti, fundi vioo, anadai tasnifu mia mbili. Kamati imeona ishirini na moja. Mshirika wa njama hupunguza aliyoyafanya; huyu anaongeza. Kamati imeridhika kwamba hapakuwa na njama." Aya ya nne ni yangu, juu ya kunyamaza kwangu. Hiyo si lazima uisome dukani.

Manukuu yamefutwa. Niko thelathini na tatu. Nafasi amepata yeye. Mimi wameniongezea mwaka mmoja kwenye meza ileile.

Na walimchunguza, ulivyotaka. Za kwake ni za kweli, zote. Hilo limeniuma kuliko nafasi. Jana alipiga mluzi, na kwa mara ya kwanza akaumaliza wimbo. Ni mzuri, Mjomba. Nilitamani uwe mbaya.

Sasa la gazeti, ambalo nimelikwepa tangu Februari. Walipouliza nani aliniwashia taa, wa kwanza kunijia alikuwa wewe. Lakini kioo chako kinarefuka tangu utoto wangu: mwaka huu tu, Februari kilikuwa mita mbili, Machi mita tatu, kwa kamati mita nne. Nikikutaja leo, kesho mtu akikuuliza, utamwambia kingine. Mwalimu jibu lake ni lilelile kila siku, ndiyo maana nikamtaja yeye. Jibu la haraka lilikuwa pia la woga.

Nina makala mpya inatoka. Mwishoni kuna mstari mmoja wa shukrani, na nataka uwe wako. Ila lazima tukubaliane kilichotokea, kisha kisibadilike tena. Ninavyokumbuka mimi: nilikuwa na miaka tisa. Kipande kilikuwa cha urefu wa mkono. Niliweka tochi ya Bibi kwenye ukingo mmoja; uso wa kioo ukabaki kama kawaida, ukingo wa pili ukawaka kijani. Wewe ulikuwa umekishika ili kisinikate. Hakikuvuka barabara kitu. Fundi cherehani hakuwapo.

Ukikubali, nijibu upesi.

Mpwa wako.

*

Tarehe 19 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi anatembea, anahesabu miezi kwa sauti mpaka wa nne. Mama yako ameshaambiwa. Ameitisha kikao, nimehukumiwa, nimeomba radhi, nimefungiwa kikao kwa azimio. Nilipofika kwenye mstari wa nafasi kwenda kwa Mpiga Mluzi, nilifunga duka mchana na sikumwambia mtu ninaumwa nini.

Ule ukurasa wa uamuzi nimeuweka kwenye fremu. Kioo cha milimita sita, kingo nimezisugua kwa mkono. Aya ya nne nimeifunika kwa ubao wa fremu, ni siri yetu. Aya ya tatu inasomeka tangu barabarani. Maprofesa, mpwa wangu, wameandika "mjomba wa mtafiti, fundi vioo" kwenye karatasi yenye muhuri! Hapo nimenukuliwa au sijanukuliwa?

Mwalimu alikuja. Hakununua kitu. Akasogea, akavaa miwani, akasoma yote, akarudia, akatazama hata nyuma ya fremu. Huko nyuma kuna ukuta. Akaniuliza taratibu, "Na mimi hawakunitaja popote?" Nikataka kumjibu jibu ambalo nilikuwa nimelitunza tangu Februari. Nilivyomwona alivyosimama, na lile yai halipo tena kichwani, nikamvutia benchi la wanafunzi, tukanywa chai. Hakukohoa.

Sasa hoja yako. Nimeijadili na nafsi yangu kwa siku kadhaa, na nafsi yangu ni mbishi. Mita nne naziacha. Mita tatu naziacha. Mbili nilizipenda, nazo naziacha. Urefu wa mkono, nakubali, ila andika mkono wa mjomba, si wa mtoto wa miaka tisa. Muulize Kidole ukitaka ushahidi, mkono wangu ni mrefu. Tochi ya Bibi, kweli. Kijani, kweli. Nilikishika ili kisikukate, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Hakikuvuka barabara, sawa. Huo ndio mwisho, sitaugusa tena, wakiniuliza leo au uzeeni watapata jibu hilohilo.

Kama kuna nafasi ya watu wawili kwenye huo mstari, mweke na Mwalimu. Nyuma yangu.

Na kofia ya fundi cherehani iache, usiiandike. Ingawa iliungua.

Mjomba wako,
Fundi